Ugezi wa vyanzo vya mionzi katika maabara za kukadiria dozi kwa damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na watu wa aina mbili: wanabiolojia walioachiwa funguo za chumba cha mionzi bila kupewa mwanafizikia, na wanafizikia ambao hawajawahi kuona kwenye darubini kile kinachotokana na gray (kipimo cha dozi) zao. Yamepangwa kuanzia misingi hadi mambo yasiyo ya kawaida. Jibu likishatolewa halirudiwi, msomaji anaelekezwa kwa namba ya swali.

## Misingi

1. Kukadiria dozi kwa damu ni nini, na chanzo cha mionzi cha maabara kinaingiaje?

Mtu akipigwa na mionzi bila kuwa amevaa kipima dozi, mwili wake wenyewe huwa umeandika kumbukumbu. Mionzi hukata kromosomu za limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu), na vipande vikiungana vibaya hutokea disentriki, yaani kromosomu yenye sentromia (kiungo cha kromosomu) mbili badala ya moja. Kwa mtu ambaye hajapigwa na mionzi ya ziada, disentriki ni adimu, takribani moja katika kila seli 1,000. Dozi ikipanda, nazo huongezeka kwa mpangilio unaotabirika.

Lakini hesabu ya disentriki peke yake haisemi dozi. Ni lazima maabara iwe na mkunjo wake: damu ya watu wazima wenye afya inapigwa mionzi kwenye mirija kwa dozi zinazojulikana, disentriki zinahesabiwa, kisha namba hizo zinaunganishwa kwa kanuni Y = C + αD + βD², ambapo Y ni idadi ya disentriki kwa kila seli, C ni kiwango cha kawaida kabla ya mionzi, D ni dozi, na α na β ni namba zinazopatikana kwa kuchora mkunjo huo. Siku ya ajali, Y ya mgonjwa husomwa kwenye mkunjo huo kurudi nyuma hadi D.

Hivyo neno “zinazojulikana” ndilo lililobeba mzigo wote. Baada ya ajali ya Goiânia, Brazil, mwaka 1987, ambapo chanzo cha seziamu-137 kilichotelekezwa kilivunjwa na watu wanne wakafariki, uchunguzi wa kromosomu ulisaidia kutambua nani alipata dozi kiasi gani. Daktari anayeamua mgonjwa yupi alazwe chumba cha pekee hana muda wa kuuliza kama chanzo chako kilipimwa vizuri. Anakuamini tu.

2. Ugezi ni nini hasa? Mtengenezaji alileta cheti, je, hakitoshi?

Ugezi, ambao wengine huuita kalibresheni, ni kulinganisha kipimo chako na kipimo cha juu zaidi kinachoaminika, na kuandika tofauti iliyopo pamoja na kiwango cha shaka. Kwa mionzi, mnyororo huanzia kwenye maabara za msingi za viwango, ambazo hulinganishwa zenyewe kwa zenyewe kupitia Ofisi ya Kimataifa ya Uzani na Vipimo (BIPM) iliyopo Sèvres, Ufaransa. Kutoka hapo hushuka kwenye maabara za viwango za ngazi ya pili. Mtandao wa maabara hizo ulianzishwa mwaka 1976 na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) pamoja na Shirika la Afya Duniani. Chemba yako ya ioni (kifaa kinachopima mionzi kwa chaji inayoizalisha hewani) hugeziwa huko, nayo inarudi kukigezi chanzo chako.

Cheti cha mtengenezaji kinaeleza kasi ya dozi mahali fulani, siku fulani, mara nyingi hewani au katikati ya kopo tupu. Damu yako haikai hapo. Inakaa kwenye mrija wa plastiki, ndani ya kishikio, labda ndani ya maji ya uvuguvugu. Kitumie cheti hicho kama ukaguzi wa haraka wa mantiki: kipimo chako kikitofautiana nacho kwa asilimia 20, simama utafute sababu. Usikitumie kuandika dozi kwenye mkunjo.

3. Gray, sievert, roentgen, rad: niandike kipi?

Andika gray (Gy), ambayo ni joule moja ya nishati iliyofyonzwa na kilo moja ya mata, na useme mata hiyo ni ipi. “2 Gy kwenye maji” ni sentensi kamili. “2 Gy” ni nusu sentensi. Sievert imetengenezwa kwa ajili ya ulinzi dhidi ya mionzi katika dozi ndogo, si kwa mkunjo wa disentriki.

Vyeti vya zamani huandikwa kwa roentgen, na hapa ndipo wengi huteleza. Roentgen moja si rad moja. Roentgen 1 ni sawa na kerma ya hewani (nishati ambayo mionzi huikabidhi kilo moja ya hewa) ya takriban 0.00876 Gy, na kwa mionzi ya gama ya seziamu au kobalti inatoa kama 0.0097 Gy kwenye maji. Anayehesabu roentgen 100 kuwa 1 Gy amekosea kwa asilimia 3 kabla hata hajawasha mashine. Rad haina utata: rad 100 ni 1 Gy.

4. Ugezi ukiwa na kasoro, si nitafidia kwa kuhesabu seli nyingi zaidi?

Hapana. Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aliulize mapema.

Chukua mkunjo wa mfano wenye C = 0.001, α = 0.02 na β = 0.06. Mgonjwa aliyepata 2 Gy atakuwa na disentriki 0.281 kwa kila seli. Ukihesabu seli 500 utaona kama disentriki 140, na bahati nasibu ya kuhesabu itakupa shaka ya takriban 0.09 Gy, sawa na asilimia 4.5. Ukihesabu seli 2,000 shaka hiyo inashuka hadi karibu nusu yake. Sasa tuseme chanzo kilichotumika kutengeneza mkunjo kilikuwa kinatoa asilimia 10 chini ya ilivyoandikwa. Mgonjwa wa 1.8 Gy atasomeka 2 Gy. Hesabu seli 500, hesabu 5,000, hesabu hadi macho yaume, bado atasomeka 2 Gy. Tofauti ni kwamba sasa utakuwa na uhakika mkubwa zaidi wa jibu lisilo sahihi.

Kosa la bahati nasibu hupungua kwa kazi. Kosa la ugezi halipungui, linarithiwa na kila mgonjwa atakayesomwa kwenye mkunjo huo kwa miaka yote utakaotumika.

## Chanzo na vifaa

5. Nitumie kobalti, seziamu au eksirei?

Tumia kile unachoweza kukipima vizuri na kinachofanana na ajali unazozitarajia. Kobalti-60 hutoa gama za MeV (kipimo cha nishati) 1.17 na 1.33, nusumaisha yake (muda wa nguvu kupungua hadi nusu) ni miaka 5.27. Seziamu-137 hutoa gama ya MeV 0.662, nusumaisha yake ni miaka 30 na kidogo. Kwa disentriki, mikunjo ya vyanzo hivi viwili hukaribiana sana.

Eksirei ni jambo jingine. Mashine ya kilovolti 250 hutoa fotoni za nishati ndogo zinazoumiza kromosomu kwa ufanisi zaidi. Kwa dozi ndogo, α yake inaweza kufika mara mbili ya ile ya kobalti. Si kosa kuitumia. Ni kosa kuandika “eksirei” na kuishia hapo. Andika volti, kichujio, na unene wa shaba au alumini unaopunguza mionzi hadi nusu, kwa sababu mashine mbili zenye volti sawa na vichujio tofauti ni vyanzo viwili tofauti. Maabara inayoweza itengeneze mikunjo miwili, mmoja wa gama na mmoja wa eksirei.

6. Chemba ipi ya ioni inafaa?

Kwa kazi nyingi, chemba ya silinda yenye ujazo wa sentimita za ujazo 0.6, ileile inayotumika katika tiba ya mionzi, inatosha. Muhimu ni kwamba iwe imegeziwa kwa nishati inayokaribia ya chanzo chako. Kigezo (namba ya kuzidishia usomaji) kilichotolewa kwa kobalti hakihamishiwi kwenye eksirei za kilovolti 160 kwa matumaini tu. Chemba igeziwe pamoja na elektromita yake (kifaa kinachosoma chaji yake) au kila kimoja kiwe na cheti chake, na nyaya zibaki zilezile.

Ndani ya mashine ndogo iliyofungwa, chemba hiyo inaweza isitoshee, au kebo yake isipite. Hapo nenda swali la 8.

7. Kwa nini halijoto na kanieneo vinatajwa kila mara?

Kwa sababu chemba nyingi ziko wazi kwa hewa. Kinachopimwa ni chaji inayotokana na hewa iliyomo ndani, na hewa hiyo hupungua chumba kikipata joto au kanieneo ikishuka. Usomaji huzidishwa kwa (273.15 + T)/293.15 × 101.325/P, T ikiwa nyuzi za Selsiasi na P kilopaskali, endapo cheti kimetolewa kwa nyuzi 20. Soma cheti: vingine vimetolewa kwa nyuzi 22.

Maabara iliyo kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, huwa na kanieneo ya kama kPa 84. Kukiwa na nyuzi 24, kigezo kinakuwa 1.22. Asiyekiweka atadhani chanzo chake ni dhaifu kwa asilimia 18, ataongeza muda wa kupiga mionzi ili kufidia, na mirija yake itapata dozi kubwa kuliko iliyoandikwa.

Kuna mtego ndani ya mtego huu, nami niliwahi kunaswa nao. Kanieneo inayotangazwa kwenye taarifa za hali ya hewa kwa kawaida imerekebishwa ionekane kana kwamba kituo kipo usawa wa bahari. Inasomeka kPa 101 na ushei hata ukiwa mlimani. Tumia baromita iliyomo chumbani mwako, na baromita hiyo nayo iwe na cheti. Chemba nayo iache ikae chumbani angalau saa moja kabla ya kupima. Ukiitoa kwenye stoo yenye ubaridi na kuanza papo hapo, kipimajoto cha ukutani hakikuelezi joto la hewa iliyo ndani yake.

8. Na alanini, filamu au vidonge vinavyong’aa vikipashwa joto?

Vyote vina kazi yake. Alanini ni asidi ya amino ambayo mionzi huacha ndani yake radikali zinazodumu. Husomwa kwa mashine ya mwangwi wa spini za elektroni. Ni ndogo, hufanana na maji, na inaweza kutumwa na kurudishwa kwa posta kwenye maabara ya viwango. Kwa mashine iliyofungwa isiyoingiza chemba, ningeichagua kwanza. Ila kwa dozi za chini ya gray chache usahihi wake hupungua, hivyo ipige dozi kubwa kisha ugawe kwa muda.

Filamu inayobadilika rangi yenyewe bila kusafishwa haina mpinzani katika kuonyesha ramani ya dozi: ikate, iweke mahali mirija inapokaa, na utaona upande upi unapata zaidi (swali la 10). Vidonge vya thamoluminesensi vinafaa kwa ukaguzi na kwa kulinganisha maabara, mradi kila kidonge kijulikane tabia yake. Njia ya zamani ya Fricke, inayopima chuma kilichooksidishwa kwenye mmumunyo, bado ni nzuri kwa mwenye mikono safi na subira. Uchafu kidogo wa kikaboni kwenye chupa huiharibu.

## Siku ya kupima

9. Nipime hewani au ndani ya maji?

Pima katika hali iliyo karibu kabisa na ya damu. Ukiweza kupima ndani ya kizuizi cha maji au plastiki chenye umbo la kishikio chako, chemba ikiwa pale mrija unapokaa, umepunguza makadirio mengi kwa mkupuo mmoja.

Ukipima kerma ya hewani, inabidi uigeuze kuwa dozi ya maji. Kwa kobalti na seziamu zidisha kwa takriban 1.11, kisha zingatia kinachopunguzwa na kuongezwa na plastiki na maji yaliyo mbele na nyuma ya mrija. Kwa eksirei kigezo hicho hubadilika na nishati na hukaribia 1 nishati inaposhuka, kwa hiyo hakuna namba moja ya kukariri.

Halafu kuna suala la elektroni. Gama hailetei damu dozi moja kwa moja. Huzirusha elektroni, nazo ndizo zinazoacha nishati. Kama mbele ya damu hakuna mata ya kutosha, tabaka la kwanza la damu litapata dozi pungufu. Kwa kobalti unahitaji kama milimita 5 za maji au plastiki, kwa seziamu milimita 2 hadi 3. Ukuta wa mrija peke yake hautoshi kwa kobalti. Kwa eksirei tatizo hilo halipo, ila epuka mirija ya kioo: kioo kina elementi nzito kuliko plastiki, na elektroni zinazotoka ukutani huongeza dozi kwa seli zinazougusa.

10. Mirija yote inapata dozi sawa?

Usidhani. Pima. Kiasi cha mionzi hupungua kwa mraba wa umbali: mrija wenye kipenyo cha milimita 12 ukikaa sentimita 30 kutoka kwenye chanzo, ukuta wake wa mbele hupata karibu asilimia 8 zaidi ya ule wa nyuma. Ukiusogeza hadi mita moja, tofauti hushuka hadi kama asilimia 2.4. Ndiyo maana mashine nyingi zina sahani inayozunguka, na ndiyo maana sahani hiyo ikikwama bila mtu kujua, mkunjo mzima unaharibika. Weka alama kwenye sahani na uiangalie ikizunguka kabla ya kila kazi.

Umbali mfupi pia huadhibu uzembe wa rula. Kosa la milimita 3 kwenye sentimita 30 ni asilimia 2 ya dozi. Tengeneza kishikio kisichoruhusu mrija kukaa pengine.

Baiolojia yenyewe hukupa ukaguzi hapa. Damu iliyopigwa sawasawa na gama au eksirei hugawa disentriki kwenye seli kwa mgawanyo wa Poisson, ambapo varianzi (kiasi cha kutawanyika) hulingana na wastani. Kipimo cha u, kinacholinganisha varianzi na wastani, kikizidi 1.96, baadhi ya seli zimepata zaidi ya nyingine. Kwa mgonjwa hiyo ni dalili kwamba sehemu tu ya mwili ilipigwa. Kwa mrija wa mkunjo ni dalili kwamba kishikio chako au sahani yako ina tatizo, nami ningerudi kwenye filamu kabla ya kuendelea kuhesabu.

11. Sekunde za chanzo kutoka na kurudi zina maana?

Kwa dozi kubwa, hapana. Kwa dozi ndogo, zina maana kubwa mno. Tuseme kasi ni 1 Gy kwa dakika na unataka 0.1 Gy. Muda ni sekunde 6. Kama chanzo hutumia muda kusafiri hadi mahali pake, na safari hiyo ikaongeza dozi sawa na sekunde moja, umepita kwa karibu asilimia 17, tena kwenye dozi ileile inayoamua α.

Kuipima ni rahisi: chukua usomaji kwa sekunde 10, 20, 30, 60 na 120, chora mstari, na uangalie unakata wapi mhimili wa muda. Usipopita sifuri, tofauti hiyo ndiyo muda wa kuongeza au kupunguza. Kama kosa ni kubwa, ongeza umbali au weka kizuizi cha madini ya risasi ili kasi ishuke na muda urefuke, ila ukibadilisha chochote, pima upya.

12. Damu iwe na joto gani?

Nyuzi 37, wakati wa kupigwa na kwa saa 2 baada yake, ili seli zirekebishe au ziungane vibaya kama zingefanya mwilini. Limfosaiti zilizopigwa zikiwa kwenye barafu huonyesha madhara machache zaidi, kwa hiyo mirija iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu itakupa mkunjo ulio chini kuliko ukweli. Kosa hili si la fizikia, lakini matokeo yake hayatofautiani na ugezi mbaya.

13. Dozi ngapi, na zipi?

Mwongozo wa IAEA wa 2011 unapendekeza dozi kumi au zaidi kati ya 0.25 na 5 Gy kwa eksirei au gama, angalau nne zikiwa kati ya 0.25 na 1 Gy, pamoja na mrija usiopigwa. Kwa dozi kubwa lenga kupata walau disentriki 100 kwa kila dozi. Kwa dozi ndogo hilo ni gumu, utahesabu seli elfu kadhaa. Masharti ya maabara za disentriki yamo kwenye kiwango cha ISO 19238.

## Baada ya kupima

14. Chanzo kinaoza. Nirekebishe mara ngapi?

Kila siku unayokitumia, kwa kompyuta, si kwa jedwali lililobandikwa mlangoni tangu mwaka juzi. Kobalti-60 hupoteza karibu asilimia 1.1 kwa mwezi na 12.3 kwa mwaka. Seziamu-137 hupoteza asilimia 2.3 kwa mwaka. Kasi ya leo ni kasi ya siku ya ugezi × 0.5 ikipewa kipeo cha (siku zilizopita ÷ nusumaisha kwa siku).

Makosa ninayoyaona si ya hisabati, ni ya tarehe. Mtu anachukua tarehe chanzo kilipofungwa badala ya tarehe ya ugezi, au anarekebisha namba ambayo mwenzake alikwisha kuirekebisha. Andika kwenye daftari kasi ya awali na tarehe yake tu, na kila mara anzia hapo.

15. Ugezi urudiwe lini?

Chemba hupelekwa kwenye maabara ya viwango kwa kawaida kila miaka 2, na katikati hukaguliwa kwa chanzo kidogo cha stronshiamu-90 ili kujua kama imebadilika. Chanzo cha gama kipimwe upya angalau mara moja kwa mwaka hata kama hesabu ya kuoza inatosha kinadharia, kwa sababu vishikio huchakaa na vipima muda huchoka. Eksirei ni kali zaidi: tyubu hubadilika kwa matumizi, hivyo weka chemba ndani ya mwali wa mionzi kila siku ya kazi.

Baada ya matengenezo yoyote, kubadilisha tyubu, kichujio, kishikio au hata aina ya mirija, usipige damu kabla ya kupima.

16. Shaka yote ikijumlishwa, ngapi inakubalika?

Jumlisha vyanzo vya shaka kwa kipeuo cha pili cha jumla ya miraba: cheti cha chemba, halijoto na kanieneo, umbali, muda, usawa wa dozi kwenye mrija, kugeuza hewa kuwa maji. Maabara iliyo makini inaweza kufika asilimia 5 au chini, kwa kiwango cha imani cha takriban asilimia 95. Ukipata asilimia 1 nitaomba kuona hesabu, kwa kuwa usawa ndani ya mrija peke yake mara nyingi huzidi hapo.

Orodha hiyo ina faida nyingine: inaonyesha pa kuweka nguvu. Nimeona watu wakinunua elektromita mpya wakati kosa lao kubwa lilikuwa mrija unaoyumba kwenye tundu.

## Mambo yasiyo ya kawaida

17. Kobalti yetu imechoka, 5 Gy inachukua dakika 100. Bado tuitumie?

Kwa dozi ndogo, ndiyo. Kwa dozi kubwa, kwa tahadhari. Disentriki nyingi za dozi kubwa hutokana na mikato miwili iliyofanywa na mipito tofauti ya mionzi. Mkato wa kwanza ukirekebishwa kabla wa pili haujafika, disentriki haiundwi. Muda wa wastani ambao mikato hiyo hudumu kabla ya kurekebishwa ni kama saa 2. Kwa hiyo β huzidishwa kwa G = 2(x − 1 + e⁻ˣ)/x², x ikiwa muda wa kupiga ukigawanywa kwa saa 2.

Kwa dakika 10, G ni 0.97, haisumbui. Kwa dakika 30 ni 0.92. Kwa dakika 100 ni 0.77, maana yake karibu robo ya sehemu ya mraba imepotea. Tena kila dozi kwenye mkunjo ina muda wake, kwa hiyo umbo lenyewe la mkunjo linapinda. Ama sogeza mirija karibu na chanzo na upime usawa upya (swali la 10), ama azima mwali wa maabara nyingine kwa dozi za juu.

Kanuni hiyohiyo hutumika kwa mgonjwa aliyepata dozi polepole kwa saa kadhaa, ukiwa na mkunjo wa dozi za haraka.

18. Seziamu imeondolewa, tumeletewa mashine ya eksirei. Mkunjo wa zamani unafaa?

Kwa wagonjwa wa gama, ndiyo, mkunjo wa zamani unabaki halali na usiutupe. Chanzo kuondoka hakubadilishi damu iliyokwisha kupigwa. Ila huwezi kuhakiki mkunjo huo kwa mirija iliyopigwa eksirei na kusema “zimetofautiana, mmoja ni mbovu” (swali la 5). Tengeneza mkunjo mpya wa eksirei, na uhakiki ule wa gama kwa mirija iliyopigwa kwingine.

19. Tunaweza kutumia mwali wa tiba wa hospitali?

Ndiyo, na mara nyingi ni chaguo bora kuliko mashine ya zamani isiyo na kumbukumbu. Mashine za tiba hukaguliwa kila siku, na mwanafizikia huzigezi kwa utaratibu wa IAEA uitwao TRS-398, moja kwa moja kwa dozi ya maji. Weka mirija ndani ya kizuizi cha maji kwa kina kinachojulikana, mwali ukiwa mpana kuliko mirija yote, na umwombe mwanafizikia athibitishe dozi kwa chemba mahali palepale. Mwali wa kichapuzi (mashine inayoharakisha elektroni) huja kwa mapigo mafupi, hivyo chemba huhitaji marekebisho makubwa zaidi ya ioni zinazoungana tena kabla ya kukusanywa; yeye anajua. Nenda jioni, wagonjwa wakiisha.

20. Na ajali yenye nyutroni?

Mkunjo wa gama haukufai. Nyutroni huacha nishati kwa msongamano mkubwa, na mkunjo wake wa disentriki ni karibu mstari ulionyooka wenye α kubwa, inayobadilika kulingana na nishati ya nyutroni. Pia nyutroni haziji peke yake, zina gama, na chemba moja haiwezi kuzitenganisha. Huko Tokaimura, Japani, Septemba 1999, wafanyakazi watatu walipigwa kwa mchanganyiko huo na wawili wakafariki. Pamoja na kromosomu, sodiamu-24 iliyotokea ndani ya damu yao ilisaidia kukadiria dozi ya nyutroni. Kama huna mwali wa nyutroni uliogeziwa, panga mapema na maabara iliyonao mkunjo huo.

21. Tuazime mkunjo wa maabara nyingine?

Kwa dharura tu, na iandikwe kwenye ripoti. Maabara mbili hutofautiana kwa ugezi na pia kwa jicho: kigezo cha kuita kitu disentriki hakifanani kila mahali. Ukilazimika, piga mirija michache ya kwako kwa dozi unazoziamini, tuseme 0.5, 1 na 3 Gy, uone kama mkunjo wa kukopa unazirudisha. Mazoezi ya kulinganisha maabara, ambapo mirija hupigwa sehemu moja na kutumwa bila kutajwa dozi, ndiyo njia bora ya kujua umesimama wapi.

22. Tumegundua dozi zetu zilikuwa na kosa, na seli zimeshahesabiwa. Tuanze upya?

Inategemea kosa. Kama dozi zote zilikosewa kwa kigezo kimoja, mfano kanieneo au roentgen, kazi ya darubini imesalimika. Dozi ya kweli ikiwa f mara ya iliyoandikwa, α mpya ni α ya zamani ÷ f, na β mpya ni β ya zamani ÷ f². C haibadiliki. Ukitaka uhakika zaidi, sahihisha dozi na uchore mkunjo upya.

Kama kosa lilitofautiana kwa kila dozi, kama la sekunde za safari (swali la 11), sahihisha kila dozi peke yake, ukiwa na vipimo vya kuthibitisha. Kama mirija ilipata dozi isiyo sawa ndani yake, hakuna hesabu ya kuinusuru. Piga damu upya.

Kisha pitia ripoti zote zilizotolewa kwa mkunjo huo. Kila mgonjwa ambaye dozi yake mpya inahamia upande mwingine wa uamuzi wa kitabibu, daktari wake ajulishwe kwa maandishi, hata kama ni miaka imepita.